Mkate wa Iddi na Historia Yetu Isiyoandikwa



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Katika kurasa hizi utapata mawaidha mengi kutoka kwa masheikh wetu. Mimi nakuletea historia. Tena usiogope, hakuna vita ndani yake wala wafalme. Ni historia ya sufuria, unga na makaa.

Hebu vuta kumbukumbu ya usiku wa kuamkia Iddi nyumbani kwenu. Mwezi umeshaandama, simu zinalia, watoto wamekataa katakata kulala. Jikoni kuna bakuli kubwa lililofunikwa kitambaa, na ndani yake kitu kinaumuka polepole. Iliki inanukia mpaka kwa jirani. Uwe unakaa Majengo, Makongeni au Section 9 kule Thika, au uwe Ruiru mjini ama Kimbo, harufu hiyo unaijua. Ni mkate wa sinia, ule ambao wengine huuita mkate wa kumimina. Pembeni kuna mahamri, na kwa aliyejaliwa mayai kuna mkate wa mayai.

Sasa nikuulize: mkate huu ulifikaje hapa? Mnazi hauoti Thika. Iliki hailimwi Ruiru. Kutoka hapa hadi baharini ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Lakini kila mwaka, asubuhi ya Iddi, sinia liko mezani.

Nauliza kwa sababu kijana wa Kiislamu wa huku kwetu huulizwa swali moja tangu shule ya msingi: "Wewe ni wa Mombasa?" Ukijibu kwamba wewe ni wa Thika, na babu yako amezikwa Thika, unatazamwa kama mtu anayetania. Na wakati mwingine sisi wenyewe hatuna la kusema, kwa sababu hatujafundishwa. Basi twende jikoni. Jibu liko kule.

DINI NI IPI, NA DESTURI NI IPI?

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane. Kupika mkate siku ya Iddi si faradhi wala si sunna. Lililothibiti kwa Mtume (S.A.W.) ni kwamba siku ya Idd-ul-Fitr alikuwa hatoki kwenda kuswali mpaka ale tende, na akizila kwa hesabu ya witri. Na kabla ya swala hiyo kuna haki ya maskini, zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba, takriban kilo mbili na nusu. Mtu akiwa na unga wa kupikia mikate mitano na hajatoa zakatul-fitri, huyo amepika kabla ya wakati wake.

Mkate basi ni desturi. Lakini desturi njema isiyogongana na sheria si kitu cha kudharau. Waislamu kila mahali wana chao. Watu wa Misri wana kahk, vibiskuti vinavyonyunyiziwa sukari laini. Zama za utawala wa Fatimiyya mjini Cairo palikuwa na nyumba maalum ya serikali ya kutengenezea vitu vitamu vya Iddi, ikiitwa Dar al-Fitra. Watu wa Sham wana maamoul yenye tende ndani. Hapa karibu, ndugu zetu Wanubi wa Kibera wana gurusa. Sisi tuna mkate wa sinia. Ukitazama kilichomo ndani ya kila kimoja, utajua watu wale wametoka wapi na wamepitia wapi.

MKATE ULIKOZALIWA

Tuanzie Pwani. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kule Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli. Mombasa alikuta watu wa dini na ibada, misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akaongeza jambo ambalo nataka ulishike: kwamba watu wa kisiwa kile hawakuwa na kilimo cha nafaka, nafaka yao ililetwa kutoka bara ya pili.

Umeona? Karibu miaka 700 iliyopita, Mombasa yenyewe ilikuwa ikila nafaka ya kuletewa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mkate wetu wa huku bara "si wa asili" kwa vile nazi inatoka mbali, mwambie hata Pwani vitu hivi vilikutana kwa safari.

Yasikilize maneno yenyewe. Mkate ni neno letu la Kibantu, na tui pia ni letu. Sukari, hamira na sinia yametokana na Kiarabu. Hata mkate wa mofa, ule wa Pwani unaopikwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, umepata jina kutokana na tanuri lenyewe, na Yemeni wanalo tanuri la jina hilo. Kuna mchele uliokuja na jahazi, kuna mnazi wa mwambao, kuna iliki iliyovuka bahari kutoka India. Mama wa Kiswahili alivichukua vyote akavitia katika kinu kimoja.

Halafu akavumbua njia ya kuoka bila tanuri. Hapo ndipo penye akili ya mkate wa sinia. Unga wake ni mwepesi kama uji mzito, haukandwi, unamiminwa. Unawekwa juu ya moto mdogo, kisha mfuniko unafunikwa juu na makaa yanapangwa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Nyumba isiyo na tanuri ikapata tanuri. Mkate wa namna hii unaweza kusafiri popote, maana vyombo vyake ni sufuria, mfuniko na makaa. Na ukasafiri kweli.

NJIA YA FORT HALL

Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipita pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu ikinunua chakula: mahindi, maharagwe, viazi vitamu. Wengi wa wapagazi na maaskari wa misafara hiyo walikuwa Waislamu. Kisha reli ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Pamoja na reli walikuja mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi, baadhi yao Waislamu, na nyuma yao wenye maduka.

Mwaka 1900 Waingereza walijenga ngome mahali tunapopaita leo Murang'a, wakaiita Fort Hall. Maaskari, wapagazi, wapishi na wafanyabiashara wadogo wakajenga nyumba zao kando ya ngome. Ukienda Murang'a leo utakuta mtaa unaitwa Mjini, na ni mtaa wa Waislamu wa siku nyingi. Sasa chukua ramani. Kutoka Nairobi kwenda Fort Hall unapita wapi? Unapita Ruiru, unapita Thika, unavuka mito ya Thika na Chania. Barabara hii tunayoiita ya Thika iliitwa zamani Fort Hall Road.

Mwaka 1913 reli ndogo ya kutoka Nairobi ikafika Thika, ikipitia Ruiru. Baadaye ikasogezwa mbele mpaka Nanyuki, ambako ilifika 1930. Kando yake kulikuwa na mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, na mashamba yalitaka watu: makarani, manyapara, mafundi seremala, madereva, wapishi. Wapo Waislamu waliokuja kwa kazi hizo, kutoka Pwani na kutoka Tanganyika. Wapo waliotoka jeshini. Na wapo, tena wengi, ambao hawakutoka popote: ni Wakikuyu na Wakamba wa hapahapa waliosilimu.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kama umewahi kusikia habari za Thika kutoka kwa mgeni, pengine ametaja kitabu kimoja, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley. Kilichapishwa 1959, na 1981 kikafanywa kipindi cha televisheni huko Uingereza. Kinaeleza utoto wa mwandishi katika shamba la wazazi wake karibu na Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kitabu kizuri, kisome. Lakini ni Thika iliyotazamwa kutoka veranda ya mlowezi. Waliokuwa upande wa jikoni hawakuandika kitabu. Babu zetu na nyanya zetu walikuwa upande huo. Walichotuachia si karatasi. Walituachia dua, majina, makaburi, na namna ya kupika.

WANAWAKE WA MAJENGO

Kila mji wa bara una Majengo yake. Kule Nairobi, Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo watu huiita Majengo. Watafiti waliokaa na wazee wa pale miaka ya 1970 walikuta jambo ambalo vitabu vya shule havisemi. Katika wenye nyumba wa mwanzo walikuwemo wanawake wengi. Na wengi wa wanawake hao hawakuwa wa Pwani. Walikuwa wametoka bara, wengi wakiwa Wakikuyu. Waliacha kwao kwa sababu mbalimbali, wakaingia mjini, wakasilimu, wakavaa buibui, wakajenga. Uislamu uliwapa ukoo mpya na majirani wa kuwazika.

Majengo ya Thika ni ndugu wa Majengo hayo kwa jina na kwa tabia. Sasa fikiria msichana wa Kikuyu anayesilimu na kuolewa katika nyumba ya namna ile. Anafundishwa Fatiha. Anafundishwa kutawadha. Na ikifika Ramadhani anafundishwa jikoni, na anayemfundisha ni mama mkwe au somo yake. Je, alikuwa mgeni kabisa wa mambo haya? Hata! Kwao walikuwa wakichachusha uji wa nafaka, ucuru, tangu enzi na enzi. Alijua kwa mkono wake nafaka iliyolowa inavyonuka ikianza kuchacha, na anajua baridi ya kwao inavyochelewesha. Alichojifunza upya ni tui, iliki na makaa ya juu.

Kwa hiyo ule mkate mezani kwenu unaweza kuwa ulipikwa kwanza Lamu au Mombasa, lakini mkono ulioufikisha kwako huenda ni wa mama aliyezaliwa Gatundu au Kandara. Yule anayekuuliza kama wewe ni wa Mombasa, mpe kipande kwanza. Halafu mpe na hesabu hiyo.

UNGA, SUKARI NA MCHELE

Vitu vyenyewe navyo vina safari yao. Tuvitazame kimoja kimoja.

Ngano. Zamani unga wa ngano ulikuwa kitu cha kuletwa na meli. Walowezi walipoanza kulima ngano bara, Lord Delamere na wenzake walianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908 kule Njoro. Baada ya hapo unga mweupe ukawa kitu cha duka, na mahamri yakapata njia. Ndipo utaona tofauti: mahamri ya Pwani yenye tui na iliki, na mandazi ya bara yenye maji au maziwa. Huku kwetu vyote viwili vimelala katika sahani moja, na hakuna aliyelalamika.

Sukari. Kabla ya sukari nyeupe kulikuwa na asali na sukari guru. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha Miwani kikaanza karibu na Kisumu, na sukari ya Kenya ikaanza kupanda reli kuja upande huu.

Mchele. Hiki ndicho kisa kinachonigusa zaidi. Mkate wa sinia ni wa mchele, na kwa miaka mingi mchele wa bara ulitoka mbali. Kisha mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha skimu ya umwagiliaji ya Mwea, na mifereji yake ilichimbwa kwa nguvu za watu waliokuwa kizuizini. Ile pishori unayoisifu kwa harufu yake ilianza kwenye jasho la wafungwa. Lakini Mungu ana hekima yake. Kutoka Mwea mpaka Thika si mbali, ni barabara ile ile ya Makutano. Mkate wa Pwani ukapata mchele wa mlangoni. Leo, katika sinia lako, nazi ni ya Kilifi au Kwale, na mchele ni wa Kirinyaga. Nusu bahari, nusu mlima.

BARIDI YA THIKA

Kuna jambo ambalo kitabu chochote cha mapishi kilichoandikwa Mombasa hakitakwambia. Mombasa ukitia hamira saa moja asubuhi, saa tatu unga umeshafurika. Huku tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Ruiru juu zaidi kidogo. Mwezi wa saba jua halionekani wiki nzima. Hamira ni kiumbe hai, na baridi huilaza.

Na Iddi, kama unavyojua, haina msimu. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na inazunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Iddi ya Julai 2015 ilitukuta katikati ya baridi. Ndiyo maana nyanya zetu walijua njia zao. Bakuli lilifungwa ndani ya blanketi kuukuu. Liliwekwa karibu na jiko lililozimwa, lenye jivu la moto. Unga ulitiwa maji ya vuguvugu badala ya baridi, na uliundwa mapema, tangu alasiri. Mama mwingine alikuwa akibakisha donge la unga wa jana kama chachu ya kusaidia. Maarifa hayo ni ya huku. Hayakutoka Pwani, kwa sababu Pwani hayakuhitajika. Ni yetu sisi watu wa Thika na Ruiru, na wala hayako katika kitabu.

HEBU TUPIKE

Nisikuache na historia tupu. Haya, chukua kalamu.

Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage na tui zito kikombe kimoja na nusu mpaka uwe laini kabisa, usiache chenga. Zamani kazi hii ilikuwa ya kinu na jiwe, leo mashine ya kusagia inatosha. Tia hamira kijiko kimoja kidogo, sukari robo tatu ya kikombe, na iliki iliyotwangwa nusu kijiko kidogo. Koroga, funika, weka mahali pa joto. Mwezi wa kwanza saa moja inatosha. Mwezi wa saba ngoja saa mbili au zaidi, na usitazame saa, tazama povu.

Ukishaumuka, piga ute wa yai moja ulainike, uchanganye taratibu. Pasha sufuria pana au sinia lenye kingo, lipake samli au mafuta, kisha mimina. Moto wa chini uwe mdogo. Vitundu vikijitokeza juu na kingo zikianza kuachia, funika kwa mfuniko wa bati, hamishia makaa juu yake, na chini ubakishe kidogo tu. Ukiona juu pamekuwa rangi ya asali, epua. Acha upoe kabla ya kukata, usiwe na pupa.

Huna makaa, una jiko la gesi? Pika chini kwa gesi ndogo, halafu kama una oveni ingiza upate moto wa juu. Huna oveni? Geuza mkate kwa sahani urudishe upande wa pili. Utafanana kidogo na chapati nene, lakini ladha ni ileile. Nyanya atanuna, halafu atakula.

TUNAPOTEZA NINI?

Sasa tuseme ukweli. Thika ni mji wa mikate. Majina kama Broadways na Kenblest yalikulia hapa. Mafuta ya Kimbo tangu 2002 yako mikononi mwa Bidco, ambayo makao yake ni papo hapo Thika. Maziwa ya Brookside yanatoka Ruiru tangu 1993. Ndugu zetu wengi wanapata riziki ya halali katika viwanda hivi, Alhamdulillah, na mkate wa dukani hauna kosa lolote. Tangu barabara kuu mpya kufunguliwa Novemba 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa majumba ya ghorofa, na majirani ni wapya kila mwezi. Watu wanatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Makaa yana bei, na mwenye nyumba amekataza jiko kwenye kibaraza. Mama akinunua keki ya dukani siku ya Iddi, nani atamlaumu?

Mimi simlaumu. Ila nataka ujue kinachoondoka. Mkate wa dukani unajaza tumbo, lakini haukuambii nyanya yako alisilimu mwaka gani. Haukuambii kwamba babu wa babu yako alikuja na treni. Maneno hayo hutoka saa ile ya kungoja unga uumuke, wakati mikono haina kazi na midomo inayo. Binti anauliza, "Nyanya, wewe nani alikufundisha hivi?" Na nyanya anaanza kusimulia. Tukiondoa ile saa moja ya kungoja, tumeondoa darasa.

Na wazee wanaondoka, ndugu yangu. Kila mwaka tunaswalia jeneza la mama mmoja wa Majengo, na kila jeneza linakwenda na kitabu ambacho hakikuandikwa. Wenzetu wa Pwani wana hati, wana misikiti ya karne nyingi, wana majumba ya makumbusho. Sisi wa bara tunacho kilichomo katika vichwa vya wazee wetu. Siku mtu atakaposimama aseme Waislamu wa Thika ni wageni, utamwonyesha nini?

KAZI YA RAMADHANI HII

Kwa hiyo nakupa kazi, wewe kijana, wa kiume na wa kike. Msiseme jikoni ni kwa wasichana tu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kwa kazi zao, na hadithi hiyo mnaijua.

Katika kumi la mwisho hatutaki kuwapunguzia watu ibada, kwa hiyo ifanye kabla yake. Chagua siku moja baada ya Asr. Nenda kwa mzee wenu wa kike, awe nyanya, shangazi au jirani. Chukua daftari, au rekodi kwa simu kama ameridhia. Mwambie mpike mkate mmoja pamoja. Unga ukiwa unaumuka, muulize haya: Nani alikufundisha, na yeye alitoka wapi? Ulikuja Thika au Ruiru mwaka gani, kwa njia gani? Zamani nazi mlizipata wapi? Wakati nazi hazipo mlitia nini? Na Iddi ya kwanza unayoikumbuka ilikuwa vipi?

Andika jina lake kamili na tarehe. Usipambe, usiongeze. Akisema "sikumbuki", andika sikumbuki. Daftari hilo litunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ni cheti cha kuzaliwa cha ukoo wenu katika mji huu.

Na jambo la mwisho. Mkate ukiiva, usiukate wote kwa ajili ya nyumba yenu. Ramadhani si mwezi wa israfu, na sinia moja likigawanywa vizuri lina baraka kuliko masinia matatu yanayolala mpaka yachache. Toa vipande vinne, weka katika sahani, funika kwa kitambaa safi, mpe mtoto apeleke mlango wa pili. Awe Muislamu au asiwe, ni jirani, na haki ya jirani mmeisoma madrasa. Katika mitaa yetu ya zamani sahani ile haikurudi tupu kamwe. Krismasi ikifika ilirudi na kitu chake. Hivyo ndivyo watu waliokutana njiani, kila mmoja na kwao, walivyogeuka kuwa majirani, na majirani wakawa mji.

Ukiulizwa tena kama wewe ni wa Mombasa, huna haja ya kukasirika. Mkaribishe ndani. Mkate uko mezani, chai iko tayari, na nyanya yuko hapo kitini. Mwache yeye amjibu.

Allah azikubali funga zetu, awarehemu waliotutangulia na awape afya waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.